Majambazi walivamia kweli, ila rufaa iliamuliwa na chemli: kesi za dakaiti za India

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam, shikamooni wakubwa.

Kila jaji wa rufaa akiwaachia watuhumiwa wa ujambazi huku kwetu, maoni yanayofuata ni yale yale: wamekula hela, wamehongwa, nchi imeuzwa. Leo niwapeleke India, kwenye vijiji vya Uttar Pradesh na Madhya Pradesh, ambako rufaa za namna hii zimerundikana kwa miongo, muone jaji anakuwa anatazama nini pale.

Mimi si wakili, ni karani. Nimechapa sababu za rufaa na mienendo ya mashauri hadi vidole vikaota sugu, na mzee niliyemfanyia kazi alikuwa na kabati zima la hukumu za India. Mwanzoni nilijiuliza zinatafuta nini Tanzania. Kumbe sisi na wao tumenyonya titi moja. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 iliwahi kutumika Afrika Mashariki mpaka tulipopata zetu mwaka 1930. Sheria yao ya Ushahidi ya 1872 tulikaa nayo Tanganyika hadi tukatunga ya kwetu 1967. Ndiyo maana hadi leo wakili wa Kariakoo anasimama mbele ya jaji na kunukuu kesi ya kijiji cha huko ambacho hajui hata kama kina barabara.

Sasa twende kwenye dakaiti. Kwa Kihindi mnyang'anyi wa genge ni *dakait*, Waingereza wakalichukua neno na kuliweka kwenye sheria. Kifungu cha 391 cha ile kanuni ya 1860 kilisema hivi: watu watano au zaidi wakinyang'anya kwa pamoja, au wakijaribu, hiyo ni dakaiti, na aliyesimama nje akiwalinda wenzake anahesabiwa. Adhabu yake, kifungu cha 395, ilikuwa kifungo cha maisha au kazi ngumu hadi miaka 10. Mmoja wao akiua katikati ya uvamizi, 396 iliwagusa wote, na hapo hata kitanzi kiliwezekana. Julai 2024 India ilianza kutumia kanuni mpya, dakaiti sasa iko kifungu cha 310, lakini ile namba tano haikuguswa.

Uvamizi wenyewe nitausimulia kwa kuchanganya kesi nyingi kuwa moja, msije mkatafuta namba yake.

Usiku wa joto. Watu wamelala uani kwenye charpoy, vitanda vya kamba kama teremka tukaze zetu. Wanaingia watu wanane au kumi. Wengine wamejifunga vitambaa usoni, wengine hawakujali. Wana fimbo ndefu za mianzi, lathi, wana mashoka, na wawili wana katta, bastola za kienyeji zinazotengenezwa kwa bomba la chuma. Baba mwenye nyumba anapigwa kichwani. Mama anavuliwa bangili za fedha, na za miguuni zikikataa kutoka zinavutwa mpaka ngozi inabanduka. Jirani anapanda juu ya paa akipiga yowe. Wanakijiji, kwa kuwa hakuna umeme, wanawasha moto rundo la majani makavu ya mpunga ili wawaone wezi wanakokimbilia. Katta inalia mara mbili. Kimya.

Asubuhi mtu mmoja anakwenda kituoni kuandikisha taarifa ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa wanakamatwa watu sita, Mahakama ya Sessions, ile ya kwanza inayosikiliza makosa makubwa, inawatia hatiani, wanakata rufaa Mahakama Kuu.

Na huko Mahakama Kuu, wakuu, HAKUNA anayebisha kwamba uvamizi ulitokea. Daktari aliandika majeraha yote, chembe za risasi zilitolewa begani kwa mtu, kidonda cha kifundo cha mguu kipo kwenye faili. Wakili wa warufani anasimama na kusema: tunawapa pole, uvamizi ulikuwepo. Swali letu ni moja tu, ni HAWA?

Jibu la swali hilo mara nyingi linategemea taa. Nitaendelea chini, simu inazima.

#2 Mdau wa Tabora

Mkuu umeanza vizuri. Swali la haraka kabla hujafika kwenye taa. Umesema lazima wawe watano. Je polisi wakikamata watatu tu, ina maana si dakaiti tena?

#3 Mkenya wa Nakuru

Hapa kwetu hiyo hesabu haitusumbui. Kifungu cha 296(2), ukiwa na mwenzako mmoja tu, au una silaha hatari, au umempiga mtu, ni wizi wa mabavu na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Wahindi walikuwa wapole aisee.

#4 Mleta uzi

Mdau wa Tabora, umegusa penyewe. Wanaokamatwa wanaweza kuwa wawili, hata mmoja. Kinachotakiwa ni mahakama iamini kwamba waliovamia walikuwa watano au zaidi.

Mtego uko hapa. Mashtaka yakisema "hawa sita ndio waliovamia, basi", halafu watatu wakaachiwa, wamebaki watatu. Sita toa watatu huwezi kupata tano kwa ramli yoyote. Mahakama ya Juu ya India ilisema hivyo mwaka 1956: hao watatu huwezi kuwafunga kwa dakaiti. Lakini mashtaka yakisema "hawa wanne pamoja na wengine nane au kumi wasiojulikana", hata wakiachiwa baadhi, wale wasiojulikana bado wanahesabika, ilimradi mahakama imeridhika kwamba walikuwepo. Hiyo ni hukumu ya 1973. Yaani sentensi moja aliyoandika mwendesha mashtaka, "na wengine", inaweza kubeba au kuzamisha kesi nzima.

Kuna hesabu nyingine ndogo kwenye kifungu cha 397 cha ile kanuni ya zamani, kile cha silaha ya kuua, ambacho kilianzia miaka saba. Hicho hakiwafungi wote, ni yule aliyeitumia silaha mwenyewe. Wewe ulibeba gunia na mwenzako akashika shoka, saba hiyo ni ya mwenzako. Ila kuonyesha kisu ili watu waogope kunatosha kuitwa kutumia, si lazima umchome mtu.

Mkenya, kwetu Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha ni kile kifungu kilichozoeleka kama 287A, miaka 30 kwenda juu. Hatuna cha kumcheka mtu.

Sasa taa.

Shahidi anapanda kizimbani anasema nilimwona huyu. Wakili anauliza: kwa mwanga gani? Shahidi: chemli ilikuwa inawaka. Ilining'inia wapi? Kwenye mwarobaini. Sasa anafungua taarifa ya kwanza, je chemli imetajwa? Anafungua ramani ya eneo aliyochora mpelelezi, je kuna alama kwenye huo mwarobaini? Kule mpelelezi makini huikagua taa yenyewe, anaandika kwamba ina mafuta, ina utambi, kioo kizima, halafu anamkabidhi mwenyewe kwa hati. Tochi nazo hivyo hivyo, zinawashwa kuona kama zinawaka. Ukikuta faili halina hati hiyo na ramani haina taa, ujue warufani washaanza kuona mlango.

Na tuwe wakweli. Nyie mliokulia kijijini mnajua mwanga wa chemli. Kioo kikishika masizi upande mmoja, aliyeko upande huo ni kivuli tu. Mtu ambaye hujawahi kumwona maisha yako, kajifunga kitambaa, umelala chini damu inaingia machoni. Utamkumbuka?

Mahakama yetu ya Rufani iliyaweka maswali hayo hayo mwaka 1980 kwenye kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua: ulimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulimjua kabla au la. Mpaka uwezekano wote wa kukosea uondoke. Ukiisoma sambamba na za India utadhani wameketi meza moja.

#5 Wa Bagamoyo

Lakini mkuu kama ni jirani? Jirani namjua hata kwa kikohozi, sihitaji chemli.

#6 Mleta uzi

Jirani ni kesi nyingine kabisa, na ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Ukisema "ni fulani, mtoto wa fulani", gwaride la utambulisho halihitajiki, yaani ule mstari wa watu ambao shahidi anamtafuta aliyemwona. Lakini wakili atauliza maswali mawili. La kwanza: mtu wa kijiji hicho hicho atakuvamiaje uso wazi, akijua kesho mtakutana kisimani? La pili: si mna ugomvi wa shamba na hao tangu enzi za baba zenu? Vijiji vile vina makundi, na kesi za mipaka ya mashamba hazikauki. Uadui ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Unaweza kuwa ndio sababu alikuvamia, na unaweza kuwa ndio sababu umemtaja. Nimeona hukumu zilizoamua huku na zilizoamua kule.

Kinachookoa ni kumtaja mapema. Ukimtaja kwenye taarifa ya kwanza asubuhi ile ile, una nguvu. Ukimtaja siku ya nne baada ya kikao cha ukoo, pole.

Wageni ndio wanahitaji gwaride la utambulisho. Kule linafanyikia gerezani mbele ya hakimu. Mtuhumiwa akishakamatwa anatakiwa awekwe *baparda*, neno la Kiurdu, maana yake amefunikwa uso, na kila anapopelekwa lazima iandikwe kwamba alifunikwa, ili mashahidi wasimwone kabla ya siku. Siku yenyewe anapangwa na watu wengi wasiohusika. Kama ana kovu shavuni, karatasi inabandikwa juu ya kovu, na wenzake nao wanabandikwa karatasi mahali hapo hapo. Fikiria mstari wa wanaume kumi na kitu uani gerezani, kila mmoja ana kikaratasi shavuni, na mama mwenye kidonda mguuni anapita mbele yao taratibu.

Akimgusa asiyehusika mara moja, mara mbili, linaandikwa. Akimgusa mtuhumiwa, linaandikwa. Halafu lazima aje amtambue tena mahakamani, kwa sababu gwaride peke yake si ushahidi wa kufunga mtu, ni kitu cha kuupa nguvu ule wa kizimbani.

Linapovunjikia ni kwenye siku. Kuna rufaa ya dakaiti Mahakama ya Juu waliamua 1982, gwaride lilifanyika siku 42 baada ya kukamatwa. Majaji wakasema uchelewaji huo unatia shaka, na hata kumbukumbu ya sura haiwezi kukaa muda huo. Mrufani akaachiwa. Sasa msikariri kwamba 42 ni namba ya mwisho. Kwenye hukumu iliyochapishwa 1994 mahakama hiyo hiyo ilikubali gwaride lililochelewa miezi mitatu, kwa sababu uvamizi wenyewe uliacha alama kichwani mwa shahidi. Kwa hiyo hakuna saa ya ukutani. Wanauliza: mlichelewa kwa nini, na huyo mtu alikuwa wapi muda wote huo, alionekana na nani?

#7 Mama wa Mwembechai

Samahani kaka yangu, lakini mie hasira zimenipanda. Mtu kapasuliwa kichwa, mama kachunwa mguu, halafu jambazi anatoka kwa sababu polisi alichelewa siku 42? Hiyo ni haki ya nani? Huyo mama kakosa nini?

#8 Mleta uzi

Dada yangu, hajakosa kitu. Sitakudanganya kwamba kuna jibu la kukutuliza.

Bibi yangu aliwahi kuvamiwa. Walikuwa watatu. Walimfunga mikono kwa kanga yake, wakachukua redio, mbuzi wawili na pesa za korosho. Polisi walipokuja aliwaambia nimemtambua mmoja kwa sauti, ni kijana aliyewahi kunilimia. Wakamkamata. Bibi alikuwa na uhakika kama wa jua kuchomoza. Miezi miwili baadaye mbuzi walipatikana kijiji cha tatu kwa watu wengine kabisa, na hao walisema wenyewe walivyoingia. Yule kijana alikuwa bado mahabusu. Alitoka amekonda, hakuturudia tena kulima, na bibi hadi anakufa alikuwa akimwona njiani anageuza njia yeye.

Bibi hakuwa mwongo. Alipigwa kweli na aliamini kweli. Tangu hapo nikisoma "shahidi aliyejeruhiwa hana sababu ya kumwacha mkosaji wake halisi amtaje mwingine", maneno ambayo hukumu za India zinayarudia sana na mara nyingi yana mantiki, namkumbuka yule kijana.

Kosa la siku 42 ni la ofisi, si la huyo mama. Lakini ukiliziba kwa kumfunga yeyote aliyeletwa, umemfanyia nini huyo mama? Wenyewe bado wako nje wanachunga mbuzi.

#9 Mdau wa Tabora

Nimekaa kimya dakika mbili.

Haya, na mali? Si walikutwa na bangili?

#10 Mleta uzi

Mali ndiyo roho ya kesi hizi pale taa inapokufa.

India ungamo mbele ya polisi halipokelewi kabisa dhidi ya mtuhumiwa. Hapo wanatofautiana na sisi, kwetu maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yanapokelewa yakiwa ya hiari. Wao waliacha tundu moja, kifungu cha 27 cha ile sheria ya 1872: mtuhumiwa akiwa mikononi mwa polisi akisema neno, na neno hilo likafanya kitu kigunduliwe, sehemu ile tu ya neno lake inapokelewa.

Baraza la Privy Council, lile la London lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa za makoloni, lilitoa mfano kwenye hukumu iliyochapishwa 1947, nami naupenda mno. Mtu anasema: nitakutoleeni kisu nilichokificha kwenye paa la nyumba yangu, ambacho nilimchomea fulani. Majaji wakasema hapo hakijagunduliwa kisu, visu viligunduliwa zamani sana! Kilichogunduliwa ni kwamba kuna kisu kimefichwa nyumbani kwake na yeye anajua. Maneno "ambacho nilimchomea fulani" yanafutwa, hayakusaidia kugundua chochote.

Kwa hiyo kwenye dakaiti, mrufani namba tatu kasema bangili nimezifukia chini ya hori la ng'ombe. Polisi wamekwenda, wamefukua, zimo. Hiyo ni nzito. Na mtu akikutwa na mali ya wizi muda mfupi baadaye bila maelezo, mahakama inaruhusiwa kudhani yeye ni mwizi au mpokeaji. Wakili wa warufani atashambulia mashahidi wa ufukuaji: kwa nini ni wale wale wanaojitokeza kila kesi ya kituo hicho? Mbona hakuna hata mwanakijiji mmoja? Kifurushi kilifungwa kwa lakiri pale pale au kilipofika kituoni? Bangili za fedha ziko kila nyumba, atajuaje hizi ni zake?

Hapo kuna kitu mama wa Mwembechai utakipenda. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilisema wanawake wana kipaji cha ajabu cha kutambua vitu vyao wenyewe, hasa vile vya kutumia kila siku nyumbani. Ikakubali utambuzi huo.

#11 Mama wa Mwembechai

Hao majaji walikuwa na mama zao! Mie kanga yangu hata ukiifua mara mia, ukaichanganya na za Mwembechai nzima, naijua kwa pindo nililolishona mwenyewe kiguu upande. Haya, umenipoza kidogo. Endelea.

#12 Mkenya wa Nakuru

Na hizo rufaa huchukua muda gani? Hapa kwetu tunalia na miaka mitano.

#13 Mleta uzi

Kaa chini bwana.

Mahakama Kuu ya Allahabad, ile ya jimbo la Uttar Pradesh, ina rufaa za miaka ya 1980 zilizokuja kuamuliwa miaka thelathini na zaidi baadaye. Unafungua hukumu, ukurasa wa kwanza una warufani sita. Ukurasa wa pili: mrufani wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano wamefariki, rufaa zao zimekoma. Sheria yao inasema hivyo, mfungwa akifa rufaa yake inakufa naye, isipokuwa ndugu wa karibu waombe ndani ya siku 30 kuiendeleza. Wamebaki wazee wawili, mmoja anakuja na mkongojo, wanaulizwa habari za chemli iliyowaka walipokuwa vijana.

Wengi huwa nje kwa dhamana muda huo, ila si wote. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilishasema ni kejeli kumweka mtu ndani miaka mitano sita halafu uje umwambie hukuwa na kosa. Mwaka 2022 ilibidi irudi tena kuisukuma Allahabad iwape dhamana watu waliokaa ndani zaidi ya miaka 10 rufaa zao hazijasikilizwa.

Na si rufaa tu. Behmai, kijiji cha kando ya mto Yamuna, wanaume 20 walipigwa risasi tarehe 14 Februari 1981 katika uvamizi uliohusishwa na genge la Phoolan Devi, mwanamke aliyeongoza dakaiti. Yeye alijisalimisha 1983, akakaa gerezani, akatoka, akawa mbunge 1996, akauawa kwa risasi Delhi 2001. Kesi ya waliobaki ilikuwa bado inaendelea. Januari 2020 hukumu ilipokaribia kusomwa, shajara ya upelelezi ikawa haionekani. Ilisomwa Februari 2024: mzee mmoja kifungo cha maisha, mwingine kaachiwa. Miaka 43, na hiyo ni mahakama ya kwanza, bado kuna ngazi za rufaa juu yake.

#14 Wa Bagamoyo

Mkuu mimi nimeshika jambo moja dogo tu. Ile chemli. Umesema polisi wanaikagua halafu wanamkabidhi mwenyewe kwa hati. Sasa anaruhusiwa kuiwasha, au anaiweka kama kielelezo?

#15 Mleta uzi

Anaiwasha, watu wana watoto ndani ya nyumba. Hati inamtaka tu aitunze na aje nayo siku mahakama ikiitaka. Kule wakulima wengine wamepanda kizimbani nayo mkononi, wakili anaigeuza geuza, anapuliza kioo, anauliza: hii ndiyo ile ile? Na mzee anajibu ndiyo, nimebadilisha utambi tu.

Wakili akishasikia "nimebadilisha utambi", atakaa hapo nusu saa.

Narudi jioni, nina sababu za rufaa za kuchapa.